Kitenzi "run" hadi mwisho wa reli: mwongozo kamili kwa anayejifunza Kiingereza Kigoma

Ukikaa Kibirizi asubuhi, boti zikipakia wageni wa Gombe na akina mama wakianika dagaa kandokando, utasikia "run" ikitajwa mara kwa mara na wala hakuna anayekimbia. "We're running late." "Is the engine running?" "I hope we don't run out of water." Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri tu ya Kiingereza anasimama pale na begi la mgeni mkononi, anatafuta kwa macho nani anakimbia na anakimbilia wapi. Alifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, akafanya mtihani, akafaulu. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni maana moja tu, tena si ile anayoihitaji zaidi kazini.

Mwongozo huu unachukua kitenzi hicho kimoja na kukifuata hadi mwisho wa reli, kama tunavyopenda kuitwa huku. Wahariri wa Oxford English Dictionary walipokipitia upya walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Usitishike. Hakuna Mwingereza anayetembea nazo zote kichwani. Ukizimiliki thelathini hivi, ukazitumia bila kusitasita, utafanya kazi ya utalii, ya bandarini, ya mapokezi hotelini au ya mashirika bila kukwama kwenye neno hili.

Ushauri wangu kabla hatujaanza: weka kando vile vijitabu vyenye orodha ya "phrasal verbs" (vitenzi vinavyofuatwa na kijineno kama "out" au "up") mia tano kwa mpangilio wa alfabeti. Mwanafunzi anakariri "break down", "break in", "bring about", "bring up", na baada ya wiki mbili vyote vimechanganyika, hajui kipi kinakwenda na kipi. Shika kitenzi kimoja, kizungushe na vijineno vyake vyote, na kila sentensi ifunge kwenye kitu unachokiona kila siku: boti, mawese, treni, jenereta, duka la Mangi, kitenge. Kichwa kinashika kitu chenye mahali.

Hatua ya 1: Shika umbo na sauti

Kitenzi chenyewe hakifuati kanuni. Leo ni "run", jana ni "ran", na baada ya "have", "has" au "had" kinarudi kuwa "run". Hapo kwenye "have" ndipo wengi wanapoteleza. Utasikia "the fuel has ran out" hata kwa watu wenye vyeo. Sahihi ni "the fuel has run out". Umbo la kuendelea ni "running", n mbili.

Sauti nayo inataka kazi. Kiswahili kina a moja, kwa hiyo "run" na "ran" masikioni mwetu ni kitu kimoja. "Run" hutamkwa kwa a fupi, mdomo ukifunguka kidogo tu. "Ran" mdomo unapanuka na sauti inaegemea upande wa e. Sema "We run, we ran" kwa sauti mbele ya kioo mpaka uone mdomo wako unabadilika. Jambo la pili ni kwamba wenye lugha hawatamki "run – out – of" kama maneno matatu. Wanayaunganisha, yanasikika kama "ranautov". Ukingojea kusikia "out" ikisimama peke yake, utaikosa kila siku.

Hatua ya 2: Jua "run" ikiwa peke yake

Kabla ya kijineno chochote, kitenzi kina wazo moja linalorudi tena na tena: kitu kinakwenda mfululizo bila kukatika. Ukilishika wazo hilo, sentensi nyingi utazielewa hata kama hujawahi kuzisikia.

Njia na safari ndizo rahisi kuziona. "The Central Line runs from Dar es Salaam through Tabora to Kigoma." Reli haikimbii, imelala pale pale tangu ilipofika hapa mwaka 1914. Lakini ukiifuata kwa macho inakwenda tu, haikatiki, na Kiingereza kinaiita "runs". Vivyo hivyo "The road runs along the lake". Chombo chenye safari za kawaida nacho kinatumia neno hilohilo: "For decades the Liemba ran between Kigoma and Mpulungu." Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927, kwa hiyo ina haki kabisa ya kusimama kwenye mfano wa kitu kinachokwenda bila kukatika. Mgeni akikuuliza "Does the boat run on Sundays?", anataka kujua kama Jumapili kuna boti. Hajali kasi yake.

Kisha kuna vinavyotiririka. "The Malagarasi runs into Lake Tanganyika." "You left the tap running": umeacha bomba linamwaga maji. "My nose is running": nina mafua. Na hili nawaomba wauza vitenge wa soko la Mwanga walichukue mara moja, maana ni neno la biashara: rangi ya kitambaa ikichuja, Kiingereza kinasema "the colours run". Mgeni anashika kitenge, anakisugua kwa kidole, anauliza, "Will the colours run?" Anayejua anajibu, "No, they won't run. Wash it in cold water the first time." Asiyejua anacheka tu, na mteja anakirudisha kitenge mezani akidhani amefichwa kitu.

La tatu ni kuendesha na kufanya kazi. "She runs a small guesthouse in Ujiji": ni yake au anaisimamia. "The engine is running": imewashwa, inanguruma, hata kama boti imefungwa. "The generator runs on diesel": inatumia dizeli. Hapo "on" inataja kinacholisha mashine.

Hatua ya 3: Kipe kijineno uzito wake

Kiswahili kinabadilisha maana kwa kugusa mwisho wa kitenzi: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Hakuna Mswahili anayechanganya kumkimbilia mtu na kumkimbiza, ingawa tofauti ni silabi tu. Kiingereza hakina viambishi hivyo. Kazi hiyo kinaipa kijineno kinachofuata nyuma: "out", "into", "over", "after". Kwa hiyo usikiruke kijineno kana kwamba ni pambo. Ndicho kinachobeba maana, na kitenzi kinakifuata.

Anza na out, maana ndiyo utakayoitumia kila siku. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi. Sisi tunasema "unga umeisha", na tunasema "tumeishiwa unga". Kiingereza kina jozi ileile:

"The flour has run out." Unga umeisha.
"We have run out of flour." Tumeishiwa unga.

Umeona "of" imeingia wapi? Inaingia pale ambapo mtu ndiye aliyeishiwa na kitu kinatajwa baadaye. Kitu chenyewe kikianza sentensi, "of" haina nafasi. Ukijikuta unataka kusema "The flour has run out of", jiulize kwa Kiswahili: je, ningesema "unga umeishiwa"? Jibu ni hapana, na sentensi umeshaisahihisha.

Jozi hii ina ngazi tatu, na kwa nahodha wa boti ngazi hizo ni usalama wa watu. "We're running low on fuel": mafuta yamepungua, yamebaki machache. "We're running out of fuel": yanaelekea kuisha, fanya uamuzi sasa. "We've run out of fuel": hakuna tena, tunaelea. Nahodha anayetaka kusema la kwanza akatamka la tatu, atawatia wageni hofu bure katikati ya ziwa. Atakayesema la kwanza wakati hali ni ya tatu atakuwa amewaficha. Zirudie ngazi hizi mpaka zikae kila moja mahali pake.

Si mafuta na unga tu. Muda, subira, fedha na nafasi, vyote hu-"run out". "Time is running out." "I'm running out of patience." Hati nayo: "My permit runs out on Friday", kibali changu kinaisha muda wake Ijumaa. Na historia ya kwetu inatupa mfano ambao kila mtoto wa Ujiji anaweza kuukumbuka: Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, bidhaa zake zilizokuwa zikimngoja zilikuwa zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. "He had run out of almost everything." Ongeza "on" badala ya "of" na maana inageuka kabisa: "He ran out on his family" ni kwamba aliitelekeza familia yake.

Into ina sura tatu. Ya kwanza ni kukutana na mtu bila kutarajia: "I ran into my old teacher at the station." Neno la kushika hapo ni bila kutarajia. Ndiyo maana huwezi kusema "Stanley ran into Livingstone in Ujiji". Stanley alitembea miezi akimtafuta mtu huyo kwa jina. Alimpata, hakukutana naye kwa bahati. Sema "Stanley found Livingstone". Lakini wewe ukienda kununua migebuka ukamkuta shangazi yako aliyetoka Kasulu bila taarifa, hapo umem-"run into". Sura ya pili ni kugonga: "The bodaboda ran into a wall." Ya tatu ni kukumbana na jambo gumu: "We ran into strong wind", "The business ran into debt". Sura hii ya tatu huja pia kwenye gharama kubwa: "The repairs will run into millions of shillings", matengenezo yatafika mamilioni.

Vijineno vilivyobaki tutapita navyo kwa mwendo wa haraka.

Over: kukanyaga kwa gari, "A lorry ran over a goat", na kupitiliza muda, "The meeting ran over".

Down: kupungua nguvu mpaka kwisha, "The battery has run down". Pia kumponda mtu au kitu kwa maneno: "Don't run down your own town in front of visitors." Huo mfano nimeuweka kwa makusudi, maana nimesikia vijana wetu wakiuponda mji wao mbele ya wageni waliosafiri siku mbili kuja kuuona.

Up: kulimbikiza, hasa deni. "He ran up a big debt at the shop." "Run up against" ni kukutana na kizuizi.

Through: kupitia jambo kwa haraka kutoka mwanzo hadi mwisho. Waongoza watalii, hii ni yenu: "Let me run through the rules before we enter the forest."

After: kufukuzia. "Please don't run after the chimpanzees."

Away na off: kutoroka, kuondoka mbio. "Run off with" ni kutoroka na kitu au na mtu. Nyani wa ufukweni Gombe wanaufundisha msemo huu vizuri kuliko mwalimu: "A baboon ran off with her sandwich."

By: "Let me run it by my boss", yaani ngoja nimshirikishe bosi nisikie anasemaje. Na kuna sentensi moja ambayo ningependa kila anayefanya kazi na wageni ailale nayo: "Could you run that by me again?" Ni namna ya kusema "hebu nirudie hapo" bila aibu yoyote. Ni ya mazungumzo ya kawaida, ya watu waliozoeana kidogo. Kwa mzee, au kwa ofisa usiyemjua, tumia "Could you say that again, please?"

Hatua ya 4: Kitu kinakaa wapi?

Hapa ndipo sentensi nyingi nzuri zinapovunjika. Kuna vitenzi ambavyo havikubali chochote kuingia kati ya "run" na kijineno. "Run into", "run out of" na "run after" ni vya namna hiyo, na "run through" ya kupitia kanuni pia iweke humo. Kitu kinakaa nyuma, hata kikiwa "him", "her", "it" au "them". "I ran into her." Kamwe si "I ran her into".

Vingine vinakubali kitu kikae nyuma au katikati. "He ran up a debt" na "He ran a debt up" zote zinakubalika. Lakini jina likigeuka kuwa kiwakilishi, mahali pake ni katikati: "He ran it up." Katika kundi hili weka "run down" ya kuponda, "run over" ya gari kukanyaga, na "run off" ya kutoa nakala, inayotumika sana steshenari: "Run off thirty copies", kisha "Run them off". "Run over" imelegea kidogo, na utasikia "ran over it" na "ran it over" zote mbili. Ukishika ya pili huwezi kukosea.

"Run by" peke yake inadai vitu viwili: unachokisema na unayemwambia. "Run it by me." Ukisema "run by me" bila "it", umemwambia mtu apite mbio karibu yako.

Hatua ya 5: Kagua "kukimbia" yako ya Kiswahili

Kiswahili chetu kinaweza kukimbia kitu moja kwa moja. Tunasema amekimbia vita, amemkimbia mkewe, amekimbia deni. Kiingereza hakiruhusu. "He ran the war" maana yake ni kwamba aliiendesha vita yeye mwenyewe, na "She ran the debt" haina maana yoyote. Lazima uweke "away from", au uchukue kitenzi kingine kabisa.

Katika mkoa wenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, ambapo vijana wengi wanapata kazi ya ukalimani, kosa hili si dogo. Mkalimani anasimama kati ya mtu na maisha yake. Mama akisema "tulikimbia vita", neno lake la Kiingereza ni "we fled the war". "Flee" inabeba woga, ulazima na kuacha kila kitu nyuma. "We ran away from the war" inaeleweka, lakini "run away" ina harufu ya utoro, kama ya mtoto aliyetoroka nyumbani, na anayesoma maelezo hayo ofisini anaweza kumwona mama huyo kwa jicho ambalo hakustahili. Wakati uliopita wa "flee" ni "fled", na "have fled".

Maumbo mengine ya kukimbia nayo yana vitenzi vyake. Alinikimbiza, akiwa nyuma yangu na fimbo: "He chased me." Walimkimbiza hospitali: "They rushed her to hospital." Kamwe si "they ran her to hospital", isipokuwa unataka kusema walimpa lifti ya kirafiki kwenda huko. Alikimbilia Kigoma: "He fled to Kigoma" ikiwa aliokoa maisha.

Hatua ya 6: Nahau, na usiziguse

Nahau hukaa kama zilivyo. Huongezi neno, hupunguzi, hubadilishi wingi. "In the long run" ni mwisho wa yote, baada ya muda mrefu: "Good nets are expensive, but in the long run they save you money." Ukisema "in the long running" umeivunja.

Za afya zijue mapema, maana zinasikika zahanati na hotelini. "He's running a temperature": ana homa. Joto kila mwili unalo, lakini nahau hii ina maana ya homa. "It runs in the family": ni ya ukoo, inarithiwa. Pacha wakizaliwa kila kizazi, "Twins run in the family." "The flu must run its course": mafua yataisha yenyewe, yaache yamalize siku zake.

Za kazi: "I'm running late", nimechelewa, niko njiani. "I have some errands to run", nina vishughuli vya kwenda kufanya mjini. "If you travel without a ticket, you run the risk of being fined": unajiweka kwenye hatari ya kupigwa faini, angalia kwamba baada ya "of" kitenzi huvaa "-ing". "She runs a tight ship": anasimamia kazi kwa nidhamu kali. Hiyo imetoka majini. "Cut and run" imetoka hukohuko: mabaharia walioona hatari walikata kamba ya nanga na kuuacha upepo uwachukue, na leo inasemwa juu ya mtu anayekimbia jambo aliloanza pale linapokuwa gumu.

"Run-of-the-mill" ni cha kawaida tu, hakina upekee. "Give someone a run for their money" ni kumpa mshindani upinzani wa kweli: timu ndogo ikifungwa moja bila na timu kubwa baada ya dakika tisini za jasho, imewapa "a run for their money". Na methali: "Still waters run deep." Sisi tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Anayeishi kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, ambalo asubuhi nyingine limetulia kama mkeka, hahitaji maelezo zaidi.

Jambo moja la tofauti za nchi. Kugombea ubunge kwa Kiingereza cha Marekani ni "run for parliament". Uingereza husema "stand for parliament". Zote sahihi, ila usizichanganye katika barua moja.

Hatua ya 7: Kitenzi kikigeuka jina

Hapa mkazo wa sauti mara nyingi unahamia mwanzoni. Kwenye kitenzi unakaza kijineno, run OUT; kwenye jina unakaza mwanzo, RUN-up. "The run-up to the election" ni kipindi cha kuelekea uchaguzi. "A run-in" ni kugombana: "He had a run-in with the conductor." "Runner-up" ni mshindi wa pili, na wingi wake ni "runners-up". "Run-down" ikiwa sifa ni jengo lililochakaa, au mtu aliyechoka hadi kuanza kuumwa. "A rundown", neno moja, ni muhtasari.

Hatua ya 8: Fanya kamusi ikufanyie kazi

Fungua kamusi ya wanafunzi, Oxford au Cambridge. Zote zipo bure kwenye intaneti na zinafunguka hata kwenye simu ndogo. Tafuta "run" na ushuke hadi chini: vitenzi vyenye kijineno hukusanywa pamoja. Huenda ukaona vifupisho "sb" (somebody) na "sth" (something). Cha kwanza ni mtu, cha pili ni kitu. Kwenye baadhi ya kamusi za wanafunzi utaona pia alama ya mshale wenye ncha mbili, ↔. Ukiuona, kitu kinaweza kukaa pande zote mbili za kijineno, kama tulivyosema hatua ya 4. Katika kamusi hizo, usipouona, kitu kinakaa pale pale kilipoandikwa. Alama hiyo moja inamaliza nusu ya mabishano ya darasani.

Kisha chukua daftari. Kila ukurasa kijineno kimoja, si zaidi. Andika sentensi tatu zako mwenyewe, za kweli, zenye majina ya mahali pako na watu wako. "Bibi ran out of mawese on Tuesday" itakaa kichwani kuliko sentensi yoyote ya kitabu, kwa sababu bibi yako kweli aliishiwa mawese Jumanne na wewe ndiye uliyetumwa. Zisome kwa sauti kesho yake bila kuangalia.

Jipime

Funika majibu. Sema kwa Kiingereza, kwa sauti.

1. Muda wa vocha umeisha. 2. Tumepungukiwa maji ya kunywa, lakini bado yapo kidogo. 3. Nilimkuta kwa bahati stendi. 4. Deni lile alililimbikiza yeye. 5. Ngoja nipitie nanyi ratiba. 6. Pumu ni ya ukoo wao. 7. Familia ile ilikimbia vita. 8. Kitenge hiki hakichuji.

Majibu. Ya kwanza: "The voucher has run out", bila "of", maana vocha ndiyo iliyoanza sentensi. Ya pili: "We're running low on drinking water." Ya tatu: "I ran into him at the bus stand", ukisema "I met him" si kosa, ila ile bahati imepotea. Ya nne: "He ran it up", kiwakilishi katikati. Ya tano: "Let me run through the schedule with you." Ya sita: "Asthma runs in their family." Ya saba: "That family fled the war"; ukiandika "ran the war", rudi hatua ya 5 leo hii kabla ya kulala. Ya nane: "The colours don't run." Unaweza kusikia pia "This kitenge doesn't run", na wauzaji wengi hupendelea hiyo kwa kuwa wanakuwa wamekishika mkononi.